Aliyekuwepo Ukumbini

Maneromango,
11 Februari 2024

Kaka Nikolaus,

Shikamoo. Bwana Yesu asifiwe. Naamini barua hii itakukuta mzima, wewe na wifi yangu Yosefina na binti yenu Elinipa. Sisi huku tunaendelea. Mwanangu Yona amepata mtoto wa pili, wa kike, na mkewe anaendelea vizuri. Mihogo ya bondeni imeliwa na nguruwe pori, ila ya karibu na nyumba imepona. Jirani yetu Mwamini anakusalimu sana. Miguu inamsumbua lakini mdomo haujambo.

Masikio yangu sasa yameisha kabisa. Zile sindano zilinitibu kifua zikaondoka na masikio, na daktari ameniambia hayatarudi. La kushoto lilikuwa bado linashika ngoma za kanisani mpaka Krismasi, sasa nalo limezima. Kwaya wananiacha nisimame nao. Nafuata midomo ya wenzangu na sitoi sauti, nisije nikawaharibia. Kwa hiyo usinipigie simu, na ujumbe wa simu herufi zake sizioni. Niandikie barua umpe mwalimu Bernard, anayefundisha shule ya hapa. Mkewe anaishi huko Kibaha na kila mwisho wa mwezi anakwenda kumwona. Ameniahidi hatachoka kutubebea.

Sasa nikueleze kilichonishikisha kalamu. Yona amenionyesha ukurasa alioufungua Elinipa mtandaoni, wa wapenzi wa dansi la zamani. Amewauliza watu: kama ungepewa nafasi ya kurudi kwenye onyesho moja tu lililopita, au kuhudhuria ulilolikosa, ungechagua lipi? Wamejibu mamia. Kuna mzee anataka kurudi kwenye ukumbi wa Morogoro alikokutana na mkewe. Kuna kijana hakuwa amezaliwa lakini anaona wivu. Na katikati ya yote hayo Elinipa ameweka sauti yako, ukisimulia onyesho la mwisho la Msangani Jazz pale Kibaha, tarehe 26 Desemba 1987. Yona anasema unasimulia dakika kumi na mbili, na wengi wameandika kwamba hilo ndilo wangelichagua. Anasema hata redio moja inakutafuta.

Mimi siwezi kukusikia. Nimekaa natazama vile vistari vinavyochezacheza chini ya jina lako mpaka vikasimama. Hadithi hiyo umeisimulia kwenye kila harusi ya ukoo huu, lakini mimi nilikuwa naisikia nusu nusu huku napakua chakula. Niandikie yote. Muziki ukitaka kuniingia sasa itabidi upite machoni.

Mdogo wako,
Herieth


Kibaha,
2 Machi 2024

Mdogo wangu Herieth,

Marahaba. Asifiwe milele. Barua yako nimeipokea kwa mkono wa mwalimu Bernard, na habari ya masikio imetusikitisha sana hapa nyumbani. Wifi yako alilia. Elinipa ataulizia wataalamu wa Dar, usikate tamaa mapema. Mpe Yona hongera zangu, na mtoto apewe jina zuri.

Mimi ni mzima, isipokuwa presha, ambayo ni ya kawaida kwa mtu aliyestaafu akakosa cha kufanya. Nilizoea bohari, kuhesabu vipuri na kugombana na madereva. Sasa nimejenga banda la kuku nyuma ya nyumba na ninagombana na kuku. Wifi yako amechaguliwa kuwa mweka hazina wa akina mama kanisani, kwa hiyo hatumwoni.

Nakutumia vitenge viwili, sabuni, na miwani ya kusomea ambayo mwalimu amesema utaihitaji.

Kuhusu lile onyesho, umri nao unafuta mambo. Lilikuwa kama unavyolijua. Ukumbi ulijaa, Bilali Mwinyimadi akaimba, umeme ukakatika, akalia mbele ya watu, na baada ya siku ile bendi ikavunjika. Elinipa alinirekodi bila kuniambia kwamba ataitangazia dunia. Hao wa redio nimewaambia nina mafua.

Halafu pia siku zile zina uzito wake. Ndizo siku Mama alizoanguka. Sioni vizuri kuzichokonoa.

Kaka yako,
Nikolaus


Maneromango,
31 Machi 2024, Pasaka

Kaka Nikolaus,

Shikamoo. Kristo amefufuka. Vitenge vimefika, kimoja nimempa Mwamini, na miwani inanifaa kana kwamba nimepimwa. Mtoto ameitwa Marselina, jina la Mama. Mvua imeanza kwa nguvu. Lori limezama pale darajani na wenye haraka wanatembea kwa miguu.

Barua yako nimeisoma nikaigeuza nyuma nikidhani kuna ukurasa mwingine. Kaka, mtu aliyesimulia dakika kumi na mbili ameniandikia mistari minne. Kama kumbukumbu inafutika nitakusaidia kwa maswali. Jukwaa lilikuwa upande gani, wa barabarani au wa minazini? Wanamuziki walivaa nini? Ule wimbo wa "Vailet wa Dutumi" nani aliuanza, gitaa au saksafoni? Umeme ulipokatika watu walifanya nini? Bilali alilia akiwa amesimama au amekaa?

Mama umemtaja wewe, mimi sikumtaja. Lakini kwa kuwa umemtaja, nakukumbusha kwamba Novemba ile ulituandikia utakuja tarehe 24 ukae naye siku nne, ili mimi niliyemuuguza tangu kiharusi kimpate Agosti nipate kwenda kwenye onyesho hilo. Tiketi ulinitumia wewe mwenyewe. Hukuja. Ulipofika Januari ulisema ulishindwa kujizuia, ukaingia ukumbini kwa msaada wa rafiki yako wa mlangoni. Sikukuuliza swali lolote siku ile, wala miaka yote iliyofuata.

Nakuuliza sasa, na ni kuhusu muziki tu. Nijibu.

Mdogo wako,
Herieth


Kibaha,
29 Juni 2024

Mdogo wangu,

Marahaba. Sisi ni wazima. Mwalimu Bernard alipita Aprili nikamwambia barua haijawa tayari, akapita Mei nikamwambia vilevile. Leo amekaa sebuleni anakunywa chai na amemwambia wifi yako haondoki hapa mikono mitupu. Nimejifungia chumbani. Naandika kwa haraka kwa sababu nikiandika polepole nitaacha.

Sijui jukwaa lilikuwa upande gani, Herieth. Sijui walivaa nini. Sikuwepo.

Oktoba ile nilipokuja kumwona Mama, wewe ulikwenda kuchota maji ukaniachia nimgeuze. Alikuwa amejichafua. Nilipofunua shuka alijaribu kujifunika kwa ule mkono mmoja uliobaki, machozi yakamtoka, akasema kwa ulimi wake ule mzito, "Usinitazame, baba." Nikatoka nje. Nilisimama nyuma ya jiko mpaka uliporudi na ndoo, ukamsafisha wewe, nami nikakuambia nilikuwa nakata kuni. Kesho yake asubuhi niliondoka.

Tarehe 24 Desemba nilikwenda stendi. Nilikuwa na mfuko, sukari, na khanga ya Mama. Gari lilijaa, likapiga honi, kondakta akaniita kwa mkono, nami nikaendelea kusimama kama mtu anayemsubiri mwenzake. Liliondoka bila mimi. Tarehe 25 nilijiambia nitakwenda kesho. Tarehe 26 sikutoka chumbani kabisa. Unakikumbuka chumba changu cha Maili Moja, ukumbi haukuwa mbali nacho. Nilikaa kitandani na muziki ukiingia kupitia ukutani, besi na ngoma, maneno hayakufika. Hicho ndicho nilichokisikia cha Msangani Jazz. Giza lilipoanza kuingia mtu aligonga mlango mara tatu. Sikufungua wala sikuwasha taa. Nilidhani ni mtu ametumwa kutoka nyumbani kuniambia jambo, nami sikutaka kuambiwa.

Nilipofika Januari nikamkuta Mama ana jeraha la nyonga na wazee wamekaa uani wananisubiri, baba mdogo Tito akaniuliza nilikuwa wapi. Ningewaambia nini? Kwamba nilimwogopa mama yangu mzazi? Nikasema nilikuwa kwenye dansi. Walinitukana, na matusi yale niliyaweza. Kijana mpenda anasa watu wanamjua, wanamlaani, baadaye wanamsamehe.

Mengine niliokota kazini. Pale bohari karibu kila mtu alikuwa amehudhuria, na wiki nzima hawakuzungumza jingine. Nilichukua kwa huyu umeme kukatika, kwa yule machozi ya Bilali. Kila harusi niliongeza kidogo, na kadiri nilivyozeeka hadithi ikazidi kunoga. Sasa Elinipa ananionyesha watu wasionijua wakiniambia nina bahati.

Nilikunyima onyesho lako, na Mama akaanguka kwa sababu sikuwepo. Mwezi wa pili tukamzika. Sijamwambia mtu haya kabla yako, hata wifi yako.

Nikolaus


Maneromango,
28 Julai 2024

Kaka Nikolaus,

Shikamoo. Hapa hatujambo. Marselina mdogo ameota jino. Mbaazi zimekomaa na tumeanza kuvuna.

Barua yako ilinikuta shambani. Niliisomea hukohuko, nimekaa kwenye kiroba, na Yona alinifuata akidhani nimeumwa na nyoka.

Ulijifanya unanijibu kuhusu muziki, na mimi nilijifanya nauliza kuhusu muziki. Sasa nami niseme.

Tarehe 26 alfajiri ulikuwa hujafika. Nilikuwa nimelala na nguo zangu za kutokea pembeni ya kichwa siku mbili. Nilimpa Mama uji, nikamsafisha, nikamwekea maji na chungwa lililomenywa upande wa mkono wake mzima. Nikamwambia, "Nikolaus yuko njiani, atafika saa nne, mimi nakwenda." Alinitazama akasema neno moja. Ulimi ulikuwa vilevile unavyoujua. Nililichukua kuwa "nenda". Huenda alisema "ngoja". Nilikuwa na miaka kumi na tisa, masikio yangu yakiwa mazima kuliko ya mtu yeyote hapa, na bado sijui alisema nini.

Lori la mkaa lilinichukua mpaka Kisarawe, na lingine likanifikisha. Tiketi ile uliyodhani imeozea nyumbani niliikabidhi mlangoni, saa tisa na robo alasiri.

Jukwaa lilikuwa upande wa minazini. Madirisha yalikuwa ya matofali ya matundu, na waliokosa nafasi ya kuingia walining'inia nje wakashika matundu yale, vidole vyao vikionekana ndani. Wanamuziki walivaa mashati ya bluu ya mikono mifupi, isipokuwa mpiga saksafoni, alivaa jeupe. "Vailet wa Dutumi" haukuanzwa na gitaa wala saksafoni. Mpiga tumba aliuanza peke yake, polepole, watu wakadhani anajaribu ngozi, na walipoutambua ukumbi mzima ukasimama.

Na Bilali Mwinyimadi hakulia. Waliokuambia walisikia kwa wengine, au walitaka awe amelia. Alikuwa na mafua ya kweli na taulo shingoni. Umeme ulipokatika alicheka. Alikaa kwenye ukingo wa jukwaa miguu ikining'inia, akaomba soda, akanywa nusu, nusu akampa mpiga tumba. Kisha akauendeleza wimbo hivyohivyo bila kipaza sauti, na sauti yake iliyokwama kwa mafua haikufika hata safu ya tatu, ndipo sisi tuliokuwa mbele tukaupokea, tukaupeleka nyuma, ukatoka nje kwa wale wa madirishani, ukarudi. Nilikuwa naimba na watu nisiowajua. Mama mmoja alinishika mkono akauinua juu kama wa mtoto wake.

Sasa sikiliza hili, maana ndilo lililonikaa miaka yote. Nilipoingia tu nilianza kukutafuta. Nilikutafuta mlangoni, nikakutafuta kwenye kundi la watu wa bohari, nikapanda kwenye benchi nikatazama ukumbi wote. Hukuwepo. Kaka, nilifurahi. Nilijiambia, hayupo hapa, basi amefika nyumbani, yuko na Mama. Nikashuka kwenye benchi nikacheza. Sijawahi kucheza hivyo tena.

Onyesho lilipokwisha nilikuja chumbani kwako kujaribu, nikitaka mahali pa kulala. Aliyegonga mara tatu ni mimi. Uliponyamaza nilifurahi tena. Nikaenda kulala kwa mwenzangu wa kwaya.

Kesho yake mchana nilikuta watu uani kwetu. Mwamini alikuwa amesikia sauti jana yake jioni, akaingia, akamkuta Mama chini, ameanguka tangu asubuhi akitafuta maji. Alimwinua peke yake. Watu waliponiuliza nilikuwa wapi sikujibu. Mama ndiye aliyejibu, kutoka kitandani. Alisema alinituma Marui kwa shangazi. Sikumwambia aseme hivyo. Nami nikaliacha neno lake lisimame.

Wiki iliyofuata ukaja wewe ukasema ulikuwa kwenye dansi. Mimi peke yangu katika ua ule nilijua unadanganya. Kama ningefungua mdomo ningeulizwa nimejuaje. Kwa hiyo nikawaacha wazee wakushushie wewe yote, na baba mdogo Tito akafa hajakusalimia vizuri. Kila harusi uliposimama kusimulia nilikuwa nakwenda jikoni. Ulidhani napakua chakula.

Umesema Mama alianguka kwa sababu hukuwepo. Alianguka kwa sababu niliyekuwepo niliondoka.

Mdogo wako,
Herieth


Kibaha,
31 Agosti 2024

Mdogo wangu Herieth,

Marahaba. Yosefina anakusalimu. Kuku kumi na mmoja wamekufa kwa mdondo, waliobaki tumewachanja.

Nilipomaliza kusoma nilisikia nafuu, na nakwambia hivyo kwa aibu. Kumbe si mimi peke yangu. Kesho yake ikaja hasira. Niliwaza jinsi ulivyokuwa unaniwekea ubwabwa mbele yangu huku watu wananisema, nawe unajua, na nilitaka kukuandikia maneno mabaya. Nilichana karatasi mbili. Jioni nilipokuwa nafunga banda nikakuona kwenye lile benchi, unatazama watu wote, hunioni, unafurahi. Nikashindwa kuendelea na hasira. Nilikuwa hatua mia mbili kutoka ulipokuwa. Ningefungua mlango ungejua siku ileile kwamba Mama yuko peke yake. Labda kwa usiku ule kusingekuwa na gari la kukurudisha. Lakini ungejua.

Nimemwambia Yosefina sehemu yangu. Alisema alikuwa anajua kuna kitu, maana nikisimulia onyesho lile huwa simtazami. Kisha nikamwita Elinipa. Yeye aliniuliza, "Na mengine uliyotuambia, baba?" Nikamwambia mengine ni kweli. Aliitikia kwa kichwa, lakini nimeona namna anavyonisikiliza siku hizi. Ananisikiliza kama karani anayekagua stoo.

Nilimwomba anirekodi upya. Nikasema jina langu, nikasema tarehe 26 Desemba 1987 nilikuwa chumbani kwangu, na kwamba yote niliyosimulia niliazima kwa watu. Sikusema kwa nini, hilo ni la Mama. Wengi wamenitukana. Mama mmoja wa Mlandizi aliandika kwamba alikuwa akimwekea baba yake mgonjwa sauti yangu kila siku, na mzee, ambaye alikuwepo kweli, alikuwa akiitikia kwamba ndivyo ilivyokuwa, Bilali alilia. Anasema sasa hajui amwambie nini.

Watu wa redio wameuliza kama namjua aliyekuwepo kweli. Nimesema nitauliza. Jina lako sijalitaja popote, na sitalitaja mpaka uniruhusu.

Lile ulilolisimulia, la sauti kupokewa kutoka mbele kwenda nyuma, nimelisoma mara nyingi. Hakuna aliyewahi kuniambia hilo pale bohari. Kama Elinipa angeniuliza leo ningechagua onyesho gani, ningemjibu hilo, na safari hii ningesema kweli.

Kaka yako,
Nikolaus


Maneromango,
29 Septemba 2024

Kaka Nikolaus,

Shikamoo. Poleni kwa kuku. Huku mikorosho imeanza kutoa maua na Yona anapulizia dawa. Marselina anatambaa.

Redio waambie hapana. Mtu asiyesikia ataongeaje redioni? Na halafu wangetaka niwasimulie furaha peke yake.

Mahali pa kusema nilipajua bila kuambiwa. Jumatano nilikwenda kwa Mwamini. Nilimkuta uani amekaa kwenye mkeka anapukuchua mbaazi. Nikakaa nikamweleza yote, kuanzia nguo nilizolala nazo pembeni ya kichwa. Sijui niliongea kwa sauti gani, maana sijisikii. Mjukuu wake alichungulia mlangoni akarudi ndani, kwa hiyo labda nilikuwa napiga kelele.

Nilipomaliza alisema kitu bila kuinua uso, kikanipita. Nikamwomba arudie. Akarudia, nikashika neno "kosa" tu. Basi akaweka ungo chini, akanishika kidevu akanigeuza nimtazame, akasema mara ya tatu, polepole:

"Mama yako hakuona kosa. Mimi niliona, kwa sababu mimi ndiye niliyemwinua."

Alikuwa anajua, kaka. Mama alimwambia jioni ileile, akiwa bado sakafuni, kwamba nimekwenda Kibaha kwenye muziki, akamwomba asiseme. Mwamini ameishika ahadi hiyo miaka thelathini na sita, akanizalisha Yona, akanifundisha kupika wali wa nazi, na siku zote hizo ananiona vile alivyoniona siku ile. Nilimuuliza kama Mama alimwambia ni neno gani alilonijibu asubuhi, nenda au ngoja. Akatikisa kichwa. Hakuambiwa.

Nikamwomba anisamehe. Akasema amenisikia, na akausogeza ungo katikati yetu, nikaanza kupukuchua naye. Hakusema amenisamehe na sikumuuliza tena. Tulifanya kazi mpaka ungo ukaisha akaleta mwingine.

Nikiwa nimeinama alinigusa bega, akauliza, "Na Nikolaus?" Hilo nililisoma mara moja. Nikamwambia Nikolaus atakuja kusema mwenyewe. Akauliza lini.

Ana miaka sabini na mbili, kaka, na miguu imemvimba mpaka magotini. Niliinama nikaendelea na mbaazi.

Mdogo wako,
Herieth